Dalali wa farasi na bei isiyosemwa

Mhariri,

Jumamosi iliyopita kijana mmoja mwenye adabu nyingi alisimamisha pikipiki yake langoni kwangu kwa mara ya tatu mwezi huu, akaniuliza tena kama nimekwisha kuamua kuhusu Zawadi, farasi wangu jike mwenye umri wa miaka 14, ambaye nataka kumuuza kabla shule hazijafunguliwa. Kijana huyo ni dalali, au broka kama wengi wetu tunavyosema, na biashara yake hasa ni ng'ombe wa maziwa, ingawa siku hizi anawatafutia wanunuzi hata wenye farasi wa sehemu zetu za Ngong, Karen na Limuru. "Mzee, wewe niachie tu," aliniambia, "mimi nawajua watu." Nilimpa chai, jibu sikumpa. Nimeona heri nimjibu kupitia gazeti lako, kwa sababu swali lake linawahusu wengi ambao hawana mahali pa kuliuliza, na kwa sababu lipo jambo kuhusu bei ambalo sitaki libaki baina yangu naye.

Nianze kwa kueleza nimeyajuaje mambo haya. Nilikuwa saisi kwa miaka 22, nikiwalisha, kuwasugua na kuwatembeza farasi wa watu wengine, wengi wao wakiwa wa mbio, kabla sijapata wa kwangu. Niliowapata walikuwa wamestaafu mbio katika uwanja wa Ngong Road. Farasi wa mbio huanza kushindana akiwa na miaka 2 au 3, na wengi huwa wameachishwa kabla hawajafikisha 8, ilhali farasi anayetunzwa vyema huweza kuishi miaka 25 na zaidi. Kwa hiyo kila mmoja wao huhitaji maisha ya pili yaliyo marefu kuliko ya kwanza, na mtu wa kuyagharamia. Zawadi aliyapata maisha hayo kwetu, akiwabeba watoto mgongoni siku za Jumapili na sikukuu. Sasa karo imenizidi, magoti yangu yamechoka, na mama watoto amesema waziwazi kwamba nyumba hii haiwezi tena kulisha farasi wawili. Hesabu yake ni sahihi. Mnyama mwenye kilo 450 hula nyasi kavu na nafaka kilo 9 hadi 11 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, wageni waje wasije.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zao zote, wahenga hawakuwa wakiuza farasi Kenya. Mwenye ng'ombe au mbuzi ana soko la kila wiki karibu naye, na hata asipouza leo atarudi nyumbani akiwa amesikia bei. Farasi hana mnada wa namna hiyo hapa kwetu. Wanunuzi wake ni wachache na wametawanyika: wenye shule za kupanda farasi pembezoni mwa Nairobi, wachezaji wa polo wa Gilgil, wenye kambi za watalii kule Laikipia na Mara, na vijana wanaowapandisha wageni ufuoni Mombasa na Diani. Wala wanunuzi wa ng'ambo hatuwezi kuwategemea, kwa sababu ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi na unaoua wengi wa wale wasiochanjwa, upo huku kwetu, na nchi zisizokuwa nao huwawekea farasi wetu masharti mazito ya karantini. Katika soko la aina hii, mtu anayejua nani anatafuta nini ana mali mkononi hata kama hana farasi hata mmoja. Hiyo ndiyo mali ya dalali, na sioni haya kukiri kwamba ni mali halali.

Tofauti nyingine kubwa iko katika bei yenyewe. Anayenunua fahali wa kuchinja humtazama, hukadiria kilo za nyama, huzidisha kwa bei ya buchani, na hata akikosea hakosei kwa mbali. Thamani ya farasi haimo katika kilo. Imo katika umri, miguu na tabia, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana na mtu anayepita njiani. Umri husomwa menoni, nao husomeka vizuri hadi miaka 5, ambapo meno yote ya mbele ya utotoni huwa yamekwisha kubadilika; baada ya hapo tunakadiria tu kwa dalili, kama ule mfuo mdogo katika jino la juu la pembeni ambao hujitokeza kwenye ufizi farasi anapokaribia miaka 10, hufika katikati ya jino kwenye 15 na ncha yake kwenye 20. Miguu huhitaji kutazamwa akienda mwendo wa telki juu ya ardhi ngumu, kwa maana mchanga laini huficha mengi. Tabia huhitaji siku kadhaa, na ikiwezekana siku yenye upepo. Ndiyo maana farasi yule yule anaweza kutajiwa shilingi 80,000 asubuhi na 250,000 jioni, na waliotaja wote wawili wasiwe waongo. Ndani ya pengo hilo ndimo dalali anamoishi.

Kijana wangu alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba yeye mwenyewe amnunue Zawadi leo hii, fedha taslimu, kwa shilingi 90,000. Ya pili ni kwamba amchukue akamweke kwa rafiki yake ambako wanunuzi hufika mara kwa mara, amuuze huko, kisha aniletee changu.

Watu wengi huidharau njia ya kwanza kwa sababu bei yake ni ya chini, lakini mimi naiona kuwa safi kuliko inavyosemwa. Ukimuuzia dalali moja kwa moja, farasi ni wake tangu dakika ile: akivunjika mguu kesho ni hasara yake, akimuuza kwa bei mara mbili ni faida yake, nawe huna sababu ya kunung'unika, kwa kuwa ulijua umeuza kwa ngapi na kwa nani. Mwenye mgonjwa hospitalini akiifuata njia hii simlaumu hata kidogo. Mimi sina dharura ya leo leo, na tofauti kati ya 90,000 na ninachoamini Zawadi anastahili ni karo ya zaidi ya muhula mmoja.

Njia ya pili ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu nimeshaipita. Mwaka 2016 nilimkabidhi dalali mwingine, ambaye sitamtaja, farasi wangu wa kwanza, wa kahawia, aliyehasiwa, mpole kiasi kwamba mtoto wa miaka 4 angeweza kumshika hatamu. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba angemuuza kwa bei nzuri, na kwamba kuhusu ujira wake "tutaelewana". Sidhani nimewahi kutamka neno lililonigharimu kama hilo. Farasi alikaa huko wiki saba, na kila nilipopiga simu niliambiwa yupo mtu anakuja Jumamosi. Mwishowe nililetewa shilingi 110,000 pamoja na karatasi iliyoeleza kwamba mnunuzi alikuwa ametoa 140,000, na kwamba zilizopungua zilikwenda kwenye majani, ujira wa saisi, viatu vya chuma na daktari ambaye sikumwita mimi. Nilishukuru. Hata nauli ya kurudi nilimpa.

Miezi minane baadaye nilikutana na farasi huyo kwenye hafla ya shule moja. Alinitambua kabla mimi sijamtambua, akasimamisha masikio, akaja kuupekua mfuko wa koti langu kama alivyozoea kutafuta karoti, na mama aliyekuwa amemnunua akacheka na kuniuliza tulijuana wapi. Katika mazungumzo ikajulikana kwamba alikuwa amelipa 210,000. Shilingi 70,000 zilibaki njiani, na kwa lugha ya biashara zetu hizo zinaitwa cha juu. Nilifika nyumbani nikiwa na hasira ya fedha, lakini usiku niligundua kwamba lililoniumiza zaidi lilikuwa jingine. Mama yule alikuwa ameambiwa kwamba farasi ana miaka 9, ilhali alikuwa na 13, na kwamba hayo yamesemwa na mwenyewe aliyemlea. Mwenyewe ni mimi. Dalali alikuwa amedanganya kwa kinywa changu, kwa mtu ambaye sikupata nafasi ya kumwona uso kwa uso.

Wakili mmoja jirani yetu alinieleza baadaye mambo ambayo ningependa kila mwenye mnyama wa kuuza ayajue. Mtu anayeuza kwa niaba yako ni wakala wako, na kanuni ya zamani ya uwakala inamkataza kujipatia faida ya siri: cha juu ambacho hukukijua wala kukiridhia ni chako, na unaweza kukidai. Tatizo ni ushahidi, kwa kuwa makubaliano ya mdomo hayana shahidi, na mali bila daftari hupotea bila habari. Jambo la pili alilonieleza ni zito zaidi. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, mwenye mali ambaye kwa mwenendo wake mwenyewe amewafanya watu waamini kwamba muuzaji ana idhini yake anaweza kuzuiwa kuikana idhini hiyo. Kwa maneno mengine, ukimpeleka farasi wako ukamwacha katika banda la mfanyabiashara wa farasi pamoja na kadi yake ya chanjo na matandiko yake, kisha mfanyabiashara amuuze kwa bei ya kutupa na kutoweka na fedha, usitegemee sana kwamba utamnyang'anya mnunuzi asiye na hatia. Utabaki ukimtafuta aliyetoweka.

Nirudi kwa Zawadi. Katika mguu wake wa mbele wa kushoto, nyuma, kano limenenepa kidogo, alama ya jeraha alilolipata mbioni kabla hajafika kwangu. Limepona, hachechemei, na kwa kazi ya kubeba watoto halijawahi kumsumbua. Lakini mtu anayetaka kumkimbiza shoti au kumrusha vizuizi hapaswi kumnunua, na mimi sitaki anunuliwe na mtu huyo. Kijana wa Jumamosi alilipapasa kano kwa vidole vya mtu anayejua kazi, akatabasamu, akasema, "Mzee, hili tusiliseme mpaka waulize." Nilimwuliza je, wakiuliza atasema nini. Akasema itategemea ni nani anayeuliza.

Hapo ndipo niliposita kabisa, kwa sababu katika biashara ya farasi kunyamaza ni hatua ya kwanza tu. Zipo dawa za kutuliza maumivu, phenylbutazone ikiwa inayojulikana zaidi, ambazo farasi mwenye kuchechemea akipewa hutembea vizuri kwa muda wa kutosha kufanyiwa majaribio na kulipiwa, na zipo za kumtuliza mkorofi akaonekana kondoo. Simshtaki kijana huyu kwa hayo. Nasema tu kwamba farasi akiwa bandani kwangu najua alichokula, na akiwa bandani kwa rafiki wa dalali sijui. Mnunuzi anayesoma barua hii naye ajue kwamba ana haki ya kuja na daktari wa mifugo wake mwenyewe, anayemlipa yeye, na kumwomba achukue damu siku ya ukaguzi na kuihifadhi.

Baada ya maneno hayo mtu ataniuliza kwa nini basi nisimuuze mwenyewe na kuwaacha madalali kando. Nimejaribu. Mwezi uliopita binti yangu alimtangaza Zawadi mtandaoni kwa picha tatu nzuri, na kwa siku kumi simu yangu haikutulia. Mmoja alitaka kujua kama anaweza kuvuta mkokoteni wa maji. Mwingine alitaka kumkodi kwa harusi, saa mbili tu, kwa ajili ya picha. Bwana mmoja aliniuliza kilo moja ni ngapi, na nilikata simu kabla hajamaliza. Familia mbili zilifika Jumapili, watoto wakapanda, wakafurahi, wakashukuru na kwenda zao bila kuuliza bei. Kumwonyesha farasi ni kazi: lazima asafishwe, atandikwe, apandwe kwanza na mtu wako ili mgeni aone kuwa ni salama, kisha mgeni apandishwe, na wakati wote huo roho iko mkononi, kwa maana akianguka mtu uwanjani kwako itakuwa kesi nyingine. Dalali mzuri huchuja watu kabla hawajafika langoni, na kwa kuchuja tu anastahili malipo. Nimewajua madalali wa namna hiyo, wawili, waliokuwa wakimwambia mnunuzi mbele ya mwenye farasi, "huyu hakufai wewe," na kuondoka bila senti.

Kuna jambo jingine ambalo anayeuza ng'ombe wa nyama halimhusu, nalo ni mahali mnyama anakokwenda. Sote tuliona jinsi punda walivyoibwa vijijini usiku na kupitishwa mikono ya madalali kadhaa hadi machinjioni kwa ajili ya ngozi, hata kabla serikali haijatangaza marufuku ya Februari 2020, ambayo nayo ilipingwa mahakamani. Ilibidi Umoja wa Afrika wenyewe uafikiane mwaka 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Sisemi kwamba Zawadi ataishia huko. Ninachosema ni kwamba mnyama anayepita mikono mitatu bila karatasi hana anayemjua kwenye mkono wa tatu, na mimi nataka kujua jina la atakayemlisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni kwamba niko tayari kumtumia, kwa njia ya tatu ambayo hakuitaja. Zawadi atabaki bandani kwangu hadi siku ya kulipwa, nami nitaendelea kumlisha kwa gharama yangu, ili pasiwe na karatasi ya majani na daktari. Atakayemleta mnunuzi nitampa asilimia 10 ya bei itakayolipwa, na asilimia hiyo mnunuzi ataijua, kama mimi nitakavyoijua bei. Fedha zitaingia moja kwa moja kwangu, kwa benki au kwa M-Pesa, ambayo kikomo chake cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja kinatosha kabisa kwa farasi wa umri wake, na ujira wa dalali utatoka kwangu siku hiyo hiyo, kwa risiti. Kano litatajwa kabla ya mnunuzi kupanda gari kuja, pamoja na umri wake wa kweli na kadi ya chanjo ya kila mwaka. Kibali cha kumsafirisha tutakichukua pamoja kutoka ofisi ya mifugo, chenye jina la anakokwenda. Haya yote yataandikwa kwenye ukurasa mmoja, tuweke sahihi mbele ya shahidi, na yatadumu siku 45. Zikipita bila mnunuzi, kila mtu yuko huru. Nilimsomea rasimu yake kwa simu juzi. Alisikiliza kwa utulivu, akasema mambo ya asilimia hayana neno, lakini hili la mnunuzi na mwenye farasi kuambiana bei "litaharibu soko".

Nimelifikiria jibu hilo kwa siku mbili, na nimefikia kukubali kwamba amesema kweli, ila soko analolizungumzia ni lake. Nguvu yote ya cha juu inatokana na ukimya wetu. Tunaomiliki farasi mmoja mmoja huona aibu kutaja tulichopata, tajiri akidhani atachekwa kwa kulipa sana na maskini akidhani atachekwa kwa kuuza rahisi, na matokeo yake ni kwamba watu pekee wanaojua bei za farasi katika nchi hii ni wale wanaoishi kwa kuzificha. Ombi langu kwako, Mhariri, ni nafasi ndogo katika ukurasa wa kilimo na mifugo, hata mara moja kwa mwezi, ambapo wasomaji waliouza au kununua farasi wataandika umri wake, kazi yake, kasoro yake na fedha zilizolipwa, bila majina ya watu. Saisi mwenzangu anayesoma gazeti hili kwenye kibanda cha chai ataweza kumwambia mwajiri wake, au kujiambia mwenyewe akiwa na wa kwake, kwamba bei iliyotajwa ni ya haki au si ya haki.

Nami naanza. Farasi wa kahawia, aliyehasiwa, miaka 13, wa kupandwa na watoto, hana kasoro ya miguu: mwaka 2016 mnunuzi alilipa 210,000, mwenyewe akapata 110,000. Farasi jike, miaka 14, mwenye kano la zamani katika mguu wa mbele wa kushoto, wa kupandwa na watoto: ametajiwa 90,000 na dalali, mwenyewe anataka 180,000. Nitakapomuuza nitakuandikia tena, nikuambie alilipiwa ngapi.

Wako mwaminifu,
Saisi mstaafu,
Ngong, Kaunti ya Kajiado